Nataka kuacha sindano nisikilize watu

Mama, mimi ni muuguzi wa ngazi ya A1 katika kituo cha afya kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare, mwaka wa 14 sasa. Wamama wanakuja na kichwa, mgongo, moyo kudunda. Nawapima malaria, hamna kitu. Nikikaa nao kidogo wanalia, na mambo ya vita vya Salamabila, huku kwetu, yanatoka. Mimi nina vidonge tu, na benchi nje imejaa. Nataka kuacha kazi nisomee saikolojia. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa: tuna watoto wanne, na prime (marupurupu) yenyewe haifiki kila mwezi. Nimekosea?
Muuguzi, Kabambare

Dada yangu, hujakosea. Mumeo naye hajakosea. Watoto wanne lazima wale.

Lakini usiache sindano. Mwanamke aliyebakwa akitoka shambani ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia VVU. Mshauri asiye muuguzi, hata awe na digrii, itabidi ampeleke kwako. Wewe unampa dawa na unamsikiliza katika chumba kimoja, na akitoka, jirani aliyeko kwenye benchi anadhani alikuja kwa homa. Vijijini kwetu, ambako mlango wa mshauri unatazamwa na wote, hilo linaweza kuokoa ndoa ya mtu, hata maisha yake.

Wala usidhani kazi hii ni ya wenye miaka mingi ya chuo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijiji 15 vya Kivu Kusini na Kaskazini, kwa wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono. Waliowahudumia ni wale tunaowaita APS, yaani wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, Wakongomani wenye elimu ya sekondari. Wanawake wengine walipata msaada wa kawaida, mmoja mmoja. Wengine waliketi katika vikundi, wakajifunza kuyachunguza mawazo yanayowatafuna, kama lile la “ni kosa langu”. Miezi sita baada ya tiba kumalizika, waliobaki na dalili nzito za huzuni au hofu katika vikundi walikuwa asilimia 9. Kwa waliopata msaada wa kawaida, 42. Ila APS hao walifunzwa kwanza, na kazi ikiendelea walisimamiwa. Kusikiliza bila mafunzo kunaweza kutonesha kidonda ambacho hujui kukifunga.

Kwa hiyo nenda kwa daktari mkuu wa zoni ya afya. Mwombe mafunzo ya APS, au ya mhGAP, mpango ulioanzishwa na OMS (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2008 ili wahudumu wasio mabingwa waweze kutibu magonjwa ya akili. Omba pia alasiri moja kwa juma ya kusikiliza tu, mwenzako akishika benchi. Fanya hivyo mwaka mzima huku prime ikija inavyokuja. Moyo ukikuita bado, Chuo Kikuu cha Kisangani kina fakulti ya saikolojia. Na siri za wamama zisifike nyumbani, hata kwa mumeo.

Barua yako haikusema wewe mwenyewe ulilala wapi siku zile za vita. Kabla hujapokea machozi ya wengine kila juma, tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza. Ukikosa, niandikie tena.