Hita ya Maji ya Kuoga: Kuichagua, Kuitunza na Kuitengeneza

Somo: Fizikia. Mada zinazoguswa: kiasi cha joto, nguvu ya umeme, usalama wa umeme nyumbani.

Asubuhi za Juni na Julai, maji ya bomba Kasulu na Kibondo hayaogeki kirahisi. Wilaya hizi ziko kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi miji hii ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO. Sasa imeungwa kwenye Gridi ya Taifa, na familia zilizozoea kuni na mkaa zinanunua hita. Swali la mtihani kuhusu hita huwa na sehemu mbili: hesabu na usalama. Wengi huijua hesabu, kisha hupoteza alama kwenye usalama. Nyumbani kosa hilohilo huua.

Ndoo moja ya maji inahitaji joto kiasi gani?

Tumia Q = mcΔθ. Joto mahususi la maji, c, ni jouli 4,200 kwa kilo moja kwa kila nyuzi ya Selsiasi, na lita moja ya maji ni kilo moja.

Mfano wa 1. Familia ya watu watano mjini Kasulu huoga kila mmoja ndoo ya lita 20. Maji yana nyuzi 18, nao wanayataka yafike nyuzi 40. Tafuta uniti za umeme kwa siku na kwa mwezi wa siku 30.

Ndoo moja: Q = 20 × 4,200 × 22 = jouli 1,848,000. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, yaani jouli 3,600,000. Ndoo moja ni uniti 0.51, ndoo tano ni uniti 2.57, na mwezi mzima ni uniti 77.

Usiifunge hesabu kabla hujaitazama hiyo 77. Kundi la D1 la TANESCO, la watumiaji wadogo wa majumbani, lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na anayevuka hapo hulipa bei ya juu zaidi. Maji ya kuoga peke yake, kabla ya taa na friji, yanaitoa familia hii kwenye kundi hilo. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 27,000 kwa mwezi. Mzazi anayesema hita "inakula umeme" hasemi uongo.

Je, si nafuu kuchemsha maji kidogo kisha kuchanganya na ya baridi? Kasulu maji huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo huko juu. Tuseme lita m za maji yanayochemka zinachanganywa na ya baridi kupata lita 20 zenye nyuzi 40. Joto linalotoka ni sawa na joto linaloingia:

m × (96 − 40) = (20 − m) × (40 − 18)
78m = 440, m = lita 5.64

Joto la kuzichemsha: 5.64 × 4,200 × 78, ambalo ni zilezile jouli 1,848,000 (tofauti ndogo inatokana na kukadiria). Kuchanganya hakupunguzi hata uniti moja. Kinachopunguza ni kuoga kwa lita 12 badala ya 20.

Kuchagua

Madukani utakuta koili ya kuchovya kwenye ndoo, hita ya papo kwa papo inayofungwa bafuni, hita ya tenki, na ya jua.

Koili ni rahisi kununua na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Chovya koili kwenye maji kwanza, ndipo uwashe swichi. Ukimaliza zima swichi, chomoa plagi, kisha uitoe. Usipime joto la maji kwa kidole wakati koili inawaka. Usiichovye kwenye sufuria ya alumini, maana koili ikipasuka, sufuria yote inakuwa na umeme.

Hita ya papo kwa papo huuzwa kwa maneno matamu, kwa hiyo ipigie hesabu. Ya wati 3,500 huvuta mkondo I = P/V = 3,500 ÷ 230 = ampia 15.2. Plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampia 13. Hita hii basi haichomekwi kwenye soketi ya ukutani hata kama muuzaji amekufungia plagi. Inahitaji waya wake kutoka kwenye boksi la breka. Ya wati 5,500 huvuta ampia 24. Waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampia 32 vinaifaa.

Halafu angalia maji yanayotoka. Wati 3,500 zikipandisha maji nyuzi 22 zinatoa 3,500 ÷ (4,200 × 22) = lita 0.038 kwa sekunde, yaani lita 2.3 kwa dakika. Bomba linachuruzika tu. Tena hita nyingi za aina hii haziwaki mpaka maji yasukume swichi ya ndani, kwa hiyo simtanki lililo chini mno haliwezi kuiwasha. Kumbuka p = ρgh: tanki lililo mita 2 juu ya hita linatoa paskali 20,000 tu.

Hita ya tenki hupoteza joto usiku kucha, kwa hiyo chagua yenye blanketi nene la kuzuia joto, na thamostati iwekwe karibu nyuzi 60. Hita ya jua ni ghali kununua lakini haina bili. Kwa kuwa Kasulu na Kibondo ziko kusini kidogo ya Ikweta, paneli yake ielekezwe kaskazini, na tenki liwe juu ya paneli ili maji ya moto, ambayo ni mepesi, yapande yenyewe kwa msafa.

Umeme ukiwa mdogo

Mwisho wa laini volti hushuka. Koili ya wati 1,500 kwa volti 230 ina ukinzani R = V²/P = omu 35.3. Volti zikiwa 180, nguvu yake ni 180² ÷ 35.3 = wati 918. Ndoo iliyochukua dakika 20 sasa inachukua dakika 33. Hapa watahiniwa huandika kwamba bili imeongezeka. Si kweli: joto linalohitajika ni lilelile, isipokuwa kile kidogo kinachopotea hewani kwa kuwa muda umekuwa mrefu.

Kutunza na kutengeneza

Tazama chini ya birika la nyumbani. Kama kuna ukoko mweupe, koili nayo inao. Ukoko huo, ambao kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, haupitishi joto vizuri. Koili hushindwa kutoa joto lake, hupata moto kupita kiasi na kukatika. Ichomoe, ipoe, iloweke kwenye siki au maji ya limau mpaka mapovu yaishe, kisha isuuze. Kwenye tenki la chuma kuna fito ya magneziamu inayoliwa na kutu badala ya tenki, kwa sababu magneziamu ni tendaji zaidi kuliko chuma. Ikiisha ibadilishwe, la sivyo tenki ndilo litakaloliwa.

Hita isipopasha, zima breka kuu kwanza. Angalia LUKU, breka na fyuzi kabla ya kumlaumu fundi. Kisha pima koili kwa mita ya omu: ya wati 1,500 isome karibu omu 35. Ikisoma ukinzani usio na mwisho, imekatika. Halafu pima kati ya ncha ya koili na bati lake la nje. Hapo mita isisome njia yoyote. Ikisoma, umeme unavuja kwenye maji, na hita hiyo ni ya kutupa hata kama bado inapasha vizuri.

Waya wa ardhi hauna kazi siku zote hita ikiwa nzima, ndiyo maana mafundi wengine huuacha. Siku umeme unapovuja kwenye bati, waya huo huupeleka ardhini na breka hukatika. Usipokuwepo, njia ya ardhini ni mwili wa mtu aliyesimama bafuni, miguu imelowa. Kifaa cha RCD cha miliampia 30 kiongezwe. Kazi ya ndani ya boksi la breka ni ya fundi mwenye leseni.

Maswali ya marudio

1. Bweni moja Kibondo lina wanafunzi 40, kila mmoja anatumia lita 10. Maji yanapashwa kutoka nyuzi 17 hadi 42. Tafuta uniti za umeme. (Jibu: 11.7)
2. Koili ya wati 2,000, volti 230, inasoma omu 26 kwenye mita, lakini breka inakatika kila inapowashwa. Koili imekatika? Eleza hitilafu iko wapi na utaipima vipi.
3. Kwa nini bomba la maji ya moto hutolewa juu ya tenki, na la maji baridi huingizwa chini?
4. Fundi anasema hita ya bafuni kwenu "inafanya kazi vizuri bila waya wa ardhi." Mjibu kwa sentensi mbili.