Ngazi za Nyumbani: Somo la Malezi Kutoka Filamu Mbili

Katika somo hili tutazitazama filamu mbili za hali halisi kutoka jimbo la California, nchini Marekani. Zote zinahusu familia kubwa zilizowapokea watoto ambao hazikuwazaa. Swali letu ni moja: kumpokea mtoto ni kufanya nini hasa?

1. Nyumba ya watoto kumi na tisa

Filamu ya kwanza, Who Are the DeBolts? And Where Did They Get Nineteen Kids?, ni ya mwongozaji John Korty. Ilitoka mwaka 1977 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Dorothy DeBolt alikuwa mjane mwenye watoto watano wa kuwazaa; mumewe, Robert, alikuja na binti mmoja. Waliobaki waliwaasili. Wengi wa hao walikuwa na ulemavu, na baadhi walikuwa yatima wa vita ya Vietnam.

Anayeitazama akitarajia machozi atashangaa. Nyumba imejaa kelele, vicheko na kazi. Binti asiye na mikono wala miguu anajivalisha viungo bandia vyake mwenyewe, polepole. Mvulana asiyeona, ambaye pia miguu yake imepooza, anajifunza kupanda ngazi za nyumba kwa magongo. Hakuna anayekimbilia kumbeba.

2. Huruma na upendo

Kumbeba kungechukua muda mfupi sana. Kumsubiri apande mwenyewe kunadai muda, subira na moyo wa kuvumilia kumwona akihangaika. Hapa ndipo huruma na upendo vinapoachana njia. Huruma hutazama anachokosa mtoto na kumfanyia kila kitu. Upendo hutazama anachoweza kuwa, kisha hukaa karibu naye mpaka aweze. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: akibebwa siku zote, hujifunza kwamba yeye ni mzigo.

3. Upande mzito

Tukiishia hapo, tutadhani kwamba furaha inatosha. Filamu ya pili, My Flesh and Blood ya Jonathan Karsh, iliyotoka mwaka 2003, inatusahihisha. Inamfuata kwa mwaka mmoja Susan Tom, mama anayelea peke yake watoto kumi na mmoja aliowaasili, wengi wao wenye magonjwa na ulemavu mbalimbali. Mmoja ni kijana mwenye ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu. Ana hasira kali inayowatisha ndugu zake, naye anafariki kabla filamu haijaisha. Binti mkubwa analemewa na kazi za kuwahudumia wadogo zake.

Je, mama huyu ameshindwa? Hapana. Filamu inaonyesha kwamba upendo wa kweli hauponyi kila jeraha ambalo mtoto amekuja nalo, na kwamba kuchoka si kukosa upendo. Lakini inatuuliza pia: wengine wako wapi?

4. Kwa anayejiandaa kuhudumia familia

Katika waraka Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko anafundisha kwamba kuasili na kulea mtoto wa wengine ni njia mojawapo ya ndoa kuzaa matunda, wala si kwa wasiojaliwa watoto tu. Mafundisho haya yanahitaji mikono. Kumsifu mlezi mbele ya waamini Jumapili, kisha kumwacha na kazi yake usiku kucha, si msaada. Mchungaji mwema huuliza kwanza: nani atakaa na watoto mchana mmoja ili mama apumzike? Nani atafuatana naye hospitalini? Nani anazungumza na yule binti mkubwa, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anaweza?

Akina DeBolt walilijua hilo. Mwaka 1973 walianzisha shirika la kuzisaidia familia nyingine kuwaasili watoto wenye mahitaji maalumu, maana nyumba moja, hata iwe na moyo mkubwa kiasi gani, haiwezi kuwapokea wote.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja jambo unalomfanyia mtu kwa huruma ambalo angeweza kulifanya mwenyewe kama ungemsubiri.
2. Katika eneo lako, ni familia gani inalea watoto wa ndugu au yatima? Mara ya mwisho uliitembelea lini?
3. Mlezi akikuambia, "Nimechoka," utamjibu nini, na kesho yake utafanya nini?