Kengele za Mnara wa Potsdam

Katika sharika zetu kazi ya kengele yajulikana na watu wote: huwaita Wakristo waje ibadani, tena huwapasha walio mbali habari ya msiba. Mwezi huu na tujifunze habari za kengele zilizopewa kazi zaidi ya hiyo, yaani kuimba. Zilikuwa katika kanisa liitwalo Garnisonkirche, maana yake Kanisa la Kikosi, katika mji wa Potsdam, Ujerumani. Habari zake zatuuliza swali zito: Je, wimbo mwema watosha kumlinda mtu na uovu?

1. Karilioni ni nini?

Karilioni ni kengele nyingi zilizosubiwa kwa vipimo mbalimbali, kila moja na sauti yake. Kubwa hutoa sauti nene, na ndogo sauti nyembamba. Hazibembei kama kengele zetu, bali zimefungwa imara katika boriti za mnara. Hupigwa kwa njia mbili. Pengine mpigaji huketi mbele ya safu ya vijiti vya mti, akivipiga kwa ngumi na kukanyaga vingine kwa miguu. Kila kijiti huvuta waya, na waya huvuta ulimi wa kengele yake. Pengine kengele hujipiga kwa nguvu ya saa: pipa kubwa lenye meno huzunguka, na kila jino huinua nyundo yake kwa wakati uliopimwa. Meno yakihamishwa, wimbo nao hubadilika.

2. Jinsi zilivyopandishwa mnarani

Mfalme Friedrich Wilhelm I wa Prusia aliwajengea askari wake kanisa, nalo lilifunguliwa mwaka 1722. Kengele 35 zililetwa kutoka Uholanzi, kwa kuwa Waholanzi walikuwa mafundi hodari wa kazi hiyo. Lakini ardhi ya Potsdam ni ya majimaji; kanisa likatitia, ikapasa kulibomoa. Fundi Philipp Gerlach akajenga jingine, lililowekwa wakfu mwaka 1732. Mnara wake, wenye urefu wa karibu mita 90, ulimalizika mwaka 1735, na kengele zikapandishwa humo. Walutheri na wafuasi wa mafundisho ya Calvin walilitumia kanisa hilo wote wawili, na tarehe 31 Oktoba 1817 walishiriki Chakula cha Bwana pamoja humo.

Tangu mwaka 1797, kila saa ilipotimia kengele ziliimba wimbo wa sifa wa Joachim Neander, ambao sisi nasi twauimba kwa Kiswahili. Kila nusu ya saa ziliimba sauti ya shairi la Ludwig Hölty, limwonyalo mtu awe mwaminifu na mnyofu mpaka kaburini. Hivyo mji wote ulihubiriwa mchana na usiku, hata wale wasioingia kanisani kamwe.

3. Siku ya kujaribiwa

Tarehe 21 Machi 1933 wakuu wa nchi walikusanyika katika kanisa hilo kufungua bunge jipya. Rais Hindenburg alikuwapo, na Adolf Hitler, mkuu wa serikali, akahutubu humo. Baada ya siku mbili bunge likampa Hitler na mawaziri wake mamlaka ya kutunga sheria pasipo bunge. Hata mwaka uliofuata askari wakaapishwa kumtii Hitler mwenyewe kwa jina lake. Kengele zikaendelea kuimba uaminifu kila nusu ya saa. Lakini neno lile lilikuwa limekwisha kupewa bwana mwingine.

Hata hivyo, si wote waliopotoka. Ofisa Henning von Tresckow aliwaleta wanawe wawili kanisani humo mwaka 1943, wapate Kipaimara. Yeye alikuwa mmoja wa viongozi wa shauri la kumwondoa Hitler, na shauri hilo liliposhindwa mwezi wa Julai 1944, akafa. Kengele zilikuwa zile zile na wimbo ule ule. Tofauti ilikuwa mioyoni mwa wasikiao.

4. Moto na kimya

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945 ndege za Waingereza zilitupa mabomu juu ya Potsdam. Moto ukaushika mnara, kengele zikaanguka. Baada ya vita usharika ulijitengenezea mahali pa ibadani katika magofu ya mnara, lakini mwaka 1968 serikali ya Ujerumani Mashariki iliyabomoa kwa baruti.

Mwaka 1991 mji ulipokea kengele mpya, zilizosubiwa kwa juhudi za watu wa Ujerumani Magharibi, nazo zikaimba nyimbo zile za kale. Lakini juu ya baadhi yake yalikuwa maandishi ya kuwatukuza askari wa vita vilivyopita, na majina ya majimbo ambayo Ujerumani iliyapoteza kwa vita. Wasanii na wanazuoni wengi wakapinga, na mwaka 2019 zikanyamazishwa. Mnara wenyewe umejengwa tena, ukafunguliwa mwezi wa Agosti 2024, na ndani yake huonyeshwa historia ya mahali hapo, mema na mabaya.

5. Fundisho kwetu

Kengele haina dhamiri. Huimba kwa ajili ya yeyote auvutaye waya wake. Kwa hiyo usharika usijivunie mnara na sauti tamu, kama haufundishi pia ni nani astahiliye uaminifu wetu. Mtume Paulo ameonya ya kuwa usemi usio na upendo ni mvumo wa shaba tu (1 Kor. 13:1). Tena ni vema kusoma yaliyoandikwa juu ya kengele kabla ya kuitundika, maana wimbo ukiisha maandishi hubaki.

Maswali ya kujadiliana:
1. Je, watu wa Potsdam walifanya vema kuzinyamazisha kengele zilizoimba sifa za Mungu?
2. Mtu akidai uaminifu wako, utajuaje kama ni haki kumpa?
3. Majirani wetu wasioingia kanisani husikia nini kutoka kwetu, nao huona nini?