SOMA MANENO YA NYUMA YA KOPO

Wengi wetu tukienda dukani au gulioni kununua mafuta ya kujipaka hutazama mambo mawili tu: picha iliyo mbele ya kopo, na bei. Nyuma ya kopo kuna maandishi madogo sana, nayo ndiyo yanayosema ndani mna nini. Leo tutajifunza kuyasoma.

Vitu vilivyomo huandikwa kwa mpango. Kilicho kingi kuliko vyote hutangulia, kisha hufuata kinachopungua. Vile visivyofika asilimia 1 huandikwa mwishoni bila kufuata mpango huo.

Chukua chupa kubwa ya losheni. Mara nyingi neno la kwanza ni "Aqua", neno la Kilatini lenye maana ya maji. Losheni nyingi ni maji zaidi ya nusu ya chupa. Sasa chukua kijikopo cha mafuta ya mgando. Utakuta "Petrolatum", labda na manukato kidogo. Mafuta haya hayaongezi maji katika ngozi, bali huzuia yaliyomo yasipotee. Kwa hiyo yapake mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kwa ngozi iliyokauka, kijikopo hicho cha bei ndogo hakishindwi na chupa kubwa.

"Glycerin" ni gliserini, nayo huvuta maji. "Parfum" ni manukato. Mtoto mchanga ni afadhali apakwe mafuta yasiyo nayo. Na ikiwa mbele pamechorwa mshubiri mkubwa, lakini nyuma "Aloe" ni jina la mwisho kabisa, basi shubiri iliyomo ni kidogo mno.

Hatari hasa imo katika krimu za kujichubua, pamoja na ule mchanganyiko uitwao mkorogo. Ya kwanza ni zebaki. Huandikwa "Mercury", "Calomel", au neno lolote linaloanza na "Mercur". Zebaki hupenya ngozi, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Hata wasiojipaka huweza kuvuta mvuke wake humo nyumbani. Baadhi ya watengenezaji huificha, lakini huonya kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Kama pete yahitaji kuvuliwa, uso je?

Ya pili ni "Hydroquinone". Mwanzoni ngozi hung'aa, lakini ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mabaka meusi mashavuni ambayo ni vigumu sana kuondoka. Ya tatu ni dawa kama "Clobetasol" na "Betamethasone". Hizi ni dawa za hospitali, hutolewa kwa muda mfupi kwa magonjwa ya ngozi. Ukizifanya mafuta ya kila siku, ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi, na vidonda huchelewa kupona.

Mkataba wa Minamata wa 2013 ulikataza krimu zenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni kuanzia baada ya 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kiasi hicho. Hapa Tanzania vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 msimamizi wa vipodozi ni Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo bado huuzwa kwa siri. Kopo lisilo na orodha ya vitu vilivyomo liache dukani.

Aliyekwisha tumia krimu ya zebaki aache mara moja, aende zahanati na kopo lake. Aliyetumia dawa za aina ya tatu kwa miezi mingi asiache ghafla kabla ya kumwona mganga, kwa sababu ngozi huweza kuwaka na kuvimba.

Kazi ya darasa: Kila mwanakisomo alete kopo moja kutoka nyumbani. Someni majina matano ya kwanza kwa sauti. Je, kuna kopo lolote lenye mojawapo ya yale majina matatu? Lilinunuliwa wapi?