Popo Aitwaye Maendeleo

Watoto wa Shinyanga na Geita hawana haja ya kuambiwa popo ni nani. Jua likichwa humwona akitoka chini ya bati, au katika shimo la zamani la dhahabu, akiwinda wadudu. Wengine humwita ndege. Si ndege: hatagi mayai, bali huzaa na kunyonyesha.

Basi yuko popo mmoja ambaye hata wataalamu hawamjui sana. Amepatikana mahali pachache mno, mbali nasi: katika msitu wa mapango ya Amboni, karibu na Tanga, na msitu wa Mazumbai katika milima ya Usambara. Mwaka 2000 wataalamu watatu, Kock, Csorba na Howell, walimtangaza kuwa ni aina mpya, wakamwita Rhinolophus maendeleo. Neno la kwanza latoka katika Kiyunani, maana yake pua yenye kishungi. La pili ni letu wenyewe, na si wanyama wengi waliopewa heshima hiyo.

Hicho kishungi si pambo. Juu ya pua pana ngozi iliyokunjika, na sehemu yake ya chini ni mfano wa kiatu cha farasi. Popo huyu hutoa sauti puani, nyembamba hata masikio yetu hayaisikii, na ile ngozi huielekeza mbele. Sauti ikimgonga mdudu hurudi kama mwangwi, naye popo hujua mdudu yuko wapi na anakwenda upande gani. Padre mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliona tangu miaka ya 1790 kwamba popo asiyeona huruka salama. Watu walimcheka. Sauti yenyewe haikupimwa mpaka mwaka 1938, huko Marekani, na Griffin na Pierce.

Sasa fikirini habari ya msitu ukatwao. Zamani za Waingereza miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, na nchi ikawa kavu. Tangu mwaka 1986, kwa kazi ya HASHI na kwa ngitili za wazee wetu, miti imerudi, kwa kuwa visiki na mizizi vilikuwa vingali hai ardhini. Lakini msitu mnene wa Usambara haurudi upesi kama ngitili, na popo wa Mazumbai hawezi kungoja mahali pasipo na miti.