Chaguo-msingi katika Udondoaji wa Data

Istilahi 'chaguo-msingi' hurejelea mpangilio ambao programu huufuata mtumiaji asipotoa agizo jingine. Mfano bora ni programu zinazodondoa data kutoka kompyuta kuu za IBM. Tangu System/360 iliyotangazwa mwaka wa 1964, kompyuta hizo hutumia msimbo wa EBCDIC, ambamo herufi A ni 193. Katika ASCII ni 65. Programu ikiachwa igeuze faili nzima kana kwamba yote ni maandishi, majina husomeka vyema ilhali tarakimu zilizobanwa mbilimbili katika baiti moja huvurugika, na salio la akaunti likapotoka. Hivyo, kila sehemu ya rekodi hubainishiwa aina yake kwanza. Istilahi yenyewe yatukumbusha: lililochaguliwa laweza kuchaguliwa upya.