JE, FILAMU KONGWE ZA KUTISHA ZIUNDWE UPYA?

Swali letu ni moja: filamu za kutisha za zamani ziundwe upya kwa watazamaji wa leo, au ziachwe zilivyo? Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini si kila kipya kinafaa, jamani.

Wanaounga mkono

Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza Nosferatu, filamu bubu ya mfu anayenyonya damu. Hadithi aliitoa katika riwaya ya Bram Stoker, Dracula, ya 1897, bila ruhusa. Mjane wa Stoker akashtaki, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Chache ziliponea. Werner Herzog akaiunda upya mwaka 1979, na Robert Eggers mwaka 2024. Mwanafunzi wa leo ukimwekea filamu isiyo na sauti atalala tu! Akiona hii mpya, huenda akaitafuta ile kongwe. Isitoshe, fasihi simulizi inatufundisha hivyo hivyo: nyanya hasimulii ngano ya zimwi neno kwa neno kila usiku. Fanani huangalia hadhira yake.

Wanaopinga

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa Psycho, ambamo mwanamke anauawa akioga. Sisi tunaoogea nyuma ya mabati yasiyo na komeo, hiyo inatuingia kabisa. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia karibu picha kwa picha, ila kwa rangi. Sasa faida ni gani? Kunakili si kuunda.

Msimamo wangu

Mimi nasema ziundwe upya, kwa sharti moja: mtunzi ajiulize zimwi wa leo ni nani. Hapa kwetu Kisii swali hili si mchezo. Mei 2008 watu 11 walichomwa hadi kufa kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021 wanawake 4 wazee waliuawa huko Marani kwa madai yayo hayo. Basi tukichukua hadithi ya ajuza anayeroga watu usiku, tukaipeleka kwenye tamasha za drama kama ilivyo, tutakuwa tunawaongezea watu kuni.

Njia nyingine ipo, tena ni ya kale. Mwaka ule ule wa 1922, Benjamin Christensen alionyesha katika filamu yake Häxan jinsi wanawake walioitwa wachawi walivyoteswa, akidokeza kwamba wengine walikuwa wagonjwa tu. Kumbe filamu ya kutisha inaweza kumtetea anayeogopwa!

Kwa hivyo tukiunda upya hadithi ya ajuza, kamera iwe ndani ya nyumba yake. Amefunga mlango, taa imezimwa, anasikia miguu ya umati ikikaribia, na sauti anazozisikia anazijua. Hapo ndipo nywele zitakaposimama.

Tamati

Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Bibi anayechomwa na majirani zake angeicheka methali hiyo, kama angepewa nafasi. Tusiwaongezee waliokwisha kuogopwa.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kunakili hadithi na kuiunda upya.
2. Chagua ngano moja ya zimwi uliyosimuliwa nyumbani. Ni nani anayeogopwa, na ni kwa nini?
3. Isimulie upya kwa sauti ya huyo anayeogopwa.